Nifumie, Nifumbie

Yelovdol, 4 Oktoba 1993

Dada Shukrie,

Pokea salamu za nyumba nzima. Baba amesema nianze na habari kwamba ng'ombe amezaa, kwa hiyo nimeanza nayo.

Mama anataka upige simu, lakini simu iko posta, na mama wa posta husikiliza mpaka mwisho kisha anatukumbusha yale tuliyoyasahau. Barua ni bora. Tena unanijua, kwenye karatasi nasema zaidi kuliko mdomoni.

Tangu nimalize shule mwezi wa sita sina kazi nyingine ila harusi yako. Imamu amekubali Jumamosi na Jumapili, tarehe nane na tisa Januari, wakati wanaume wote watakuwa wamerudi kutoka kwenye ujenzi. Baba ameshakata miti ya kiunzi. Kitaanza mlangoni kwetu kiishie ukutani kwa jirani, na vitu vyako vyote vitatundikwa hapo vitazamwe: mablanketi, mashuka, aproni, soksi jozi arobaini. Mama anapima njia kwa hatua kila asubuhi, utadhani itapungua.

Bibi ananifundisha kupaka uso wa bi harusi, maana mikono yake inatetemeka. "Mimi siwezi tena," anasema, "na mama yako hajui, aliolewa kama anayekwenda kulipia umeme." Unajua Mama aliolewa miaka ile serikali ilipokataza desturi zetu, ofisini, kwa gauni fupi na uso mtupu. Wewe utakuwa wa kwanza kupakwa nyumbani humu tangu Bibi. Namwona Mama anavyozipanga kwa rangi zile puleki zinazometa za kukubandika usoni, nyekundu huku, buluu huku, kisha anazichanganya ili azipange tena.

Nimejifunza kwanza kwenye mfuniko wa sufuria, halafu kwenye uso wa Bibi mwenyewe. Rangi nyeupe mara tatu, kisha puleki moja moja, na mwisho kabisa kope. Bibi alilala katikati ya shavu la pili.

Tuma soksi ulizokwisha kufuma. Bi Atidzhe, mkweo mtarajiwa, anaziulizia kila Ijumaa. Yumer wako ametuma salamu kutoka Burgas, atakuwa huko kwenye ujenzi hadi mwisho wa mwaka. Mama yake aliponipa salamu hizo niliona haya kana kwamba zilikuwa zangu.

Mdogo wako,
Nefie


Plovdiv, 21 Oktoba 1993

Nefie,

Kazi imezidi kiwandani, wametupa zamu mbili. Nakutumia jozi ishirini na tisa, na soksi moja peke yake isiyo na mwenzake. Zilizobaki nifumie wewe. Fuma kwa mkono wa kulegea kama wangu, usivute uzi kama kawaida yako, maana Bi Atidzhe atapitisha kidole gumba atambue. Mama asijue.

Nitakuja Jumatano kabla ya harusi, si mapema. Nikifika nitakaa ndani nisionekane, si ndiyo desturi?

Muulize Bibi jambo moja. Bi harusi anafumba macho tangu lini hadi lini hasa? Je, kuna mtu anayeruhusiwa kumwambia afumbue kabla? Uliza kama unayetaka kujua kwa ajili yako.

Dada yako,
Shukrie


Yelovdol, 3 Novemba 1993

Dada Shukrie,

Theluji ya kwanza ilianguka jana, ikayeyuka kabla ya adhuhuri.

Nimemuuliza Bibi. Anafumba tangu puleki ya kwanza inapobandikwa kwenye kope, anatembezwa hivyo hivyo kwa kushikwa mkono, hadi imamu amalize dua. Hapo mama mkwe anamshikia kioo, naye anafumbua, anajiona yeye na mumewe kwa pamoja. Hakuna wa kumwambia afumbue kabla, hata baba yake. "Mimi nilifumba siku mbili," Bibi akasema, "na nilipomwona babu yenu kwenye kioo nikatamani kufumba tena." Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza ni nani anayenichumbia. Nikakimbilia zizini.

Sasa naomba usinikasirikie. Ile soksi moja nimeitazama sana. Ua la tatu limekatika, mishono minne imeporomoka, na nyekundu imeingia mahali pa kijani. Wewe hukosei, dada. Mwalimu wa ufumaji alikuwa anatundika kazi zako ukutani, zangu anaziweka kabatini. Na mwandiko wako umekuwa mkubwa, unateremka nje ya mistari, kama wa mtu anayeandika akiwa ameangalia pengine.

Bibi anasema mkono wa msichana husema kile anachokificha. Unaleta soksi yenye kosa, unakuja siku tatu tu kabla, unauliza macho yatafumbwa hadi lini. Nimeyaweka hayo pamoja. Kama humtaki Yumer, niambie sasa, kabla Baba hajapigilia misumari. Mimi nitamwambia Mama. Sijui nitamwambiaje, lakini nitamwambia.

Soksi sijaifumua. Nimeificha chini ya godoro langu, maana nikiifumua itakuwa kama nimeamua mimi.

Bi Atidzhe alikuja jana akataka picha yako mpya ya kuweka sebuleni kwake. Mama akamwambia, "Utamwona mwenyewe Januari." Akajibu, "Januari nitaona rangi na puleki, mwenzangu. Nataka kuona uso." Tafadhali tuma.

Nefie


Plovdiv, 14 Novemba 1993

Nefie,

Unasoma soksi kama wazee wanavyosoma bahati kwenye kikombe cha kahawa. Nilikuwa nimechoka, nikakosea, basi. Ifumue uitumie kufungia mitungi ya kachumbari.

Yumer namtaka. Namtaka hata siwezi kukuandikia wewe, maana utasoma huku umeziba uso kwa aproni. Kwa hiyo acha kuweka mambo pamoja.

Picha hii hapa. Mpe Bi Atidzhe asitusumbue.

Shukrie


Yelovdol, 27 Novemba 1993

Dada,

Picha sijampa Bi Atidzhe. Humo umesuka nywele ndefu hadi kiunoni. Lakini ulizikata Bajramu iliyopita, siku ya Idi, mimi ndiye niliyeshika mkasi. Ile ni picha ya mwaka jana.

Jumanne nilikuwa bombani nachota maji. Rukie, binti wa mfuga nyuki, amerudi kutoka kiwandani kwenu kwa sababu ya mimba. Akaniuliza, "Jicho la dada yako linaendeleaje? Wamemwambia watamwekea la kioo?" Nikasema, "Hajambo." Akanitazama, akaona kwamba sijui, akatua ndoo yake chini. "Nefie, naomba unisamehe," akasema. "Mimi nilidhani nyumbani wanajua." Tulikuwa wawili tu. Nikavua kitambaa changu cha buluu nikampa, ingawa hakuwa ameniomba chochote. Amesema hatazungumza.

Ni kweli?

Nimeandika barua hii mara nne. Nyingine zilikuwa ndefu.

Nefie


Plovdiv, 6 Desemba 1993

Mdogo wangu,

Ni kweli. Ilikuwa tarehe tisa Septemba, sindano ya cherehani ilikatika, kipande kidogo kuliko punje ya mchele kikanipata. Nililazwa siku kumi na moja. Jicho lipo mahali pake lakini limekuwa jeupe kama yai lililochemshwa, na halioni. Nikifuma, nachoma sindano mahali ambapo uzi haupo. Chai nilimimina pembeni ya kikombe kwa wiki mbili, sasa nimezoea.

Sikuwaambia kwa sababu najua kitakachofuata. Mama atalia. Baba ataenda kwa akina Yumer na kofia mkononi kuwapa ruhusa ya kujitoa. Na Bi Atidzhe atajitoa. Humjui wewe. Alimkataa binti wa fundi viatu kwa ajili ya kovu la kidevuni, sembuse chongo. Mwezi wa nne Yumer aliniambia kwamba akinitazama machoni anasahau alichokuja kusema. Ndicho kitu pekee kizuri alichowahi kusema, hana maneno mengi. Nifanye nini nacho sasa?

Nimefikiri sana. Nitafika Jumatano nimejifunga kitambaa, nitasema jino linauma. Jumamosi utanipaka. Rangi ni nyeupe, kope zitafunikwa puleki, macho yamefumbwa kwa desturi, na hakuna anayeweza kuniambia nifumbue hadi dua iishe. Dua ikiisha nimeshakuwa mke. Baadaye wakasirike wanavyotaka, wataniita Chongo mwaka mmoja halafu watazoea, kama chai.

Atakayejua ni wewe peke yako, maana wewe ndiye utakayeshika kope zangu. Kwa mara ya kwanza nafurahi kwamba huongei.

Soksi umenifumia. Na hili nifumbie.

Shukrie


Yelovdol, 13 Desemba 1993

Kaka Yumer,

Mimi ni Nefie, mdogo wake Shukrie. Huenda hunikumbuki. Mara zote ulipokuja kwetu mimi ndiye niliyeleta sinia nikatoka. Sijawahi kukuambia neno zaidi ya karibu, na hilo sijui kama ulilisikia.

Shukrie aliumia kiwandani mwezi wa tisa. Jicho lake moja halioni na limebadilika rangi. Ameficha. Anakusudia ujue baada ya dua, wakati huwezi kurudi nyuma.

Hajui kwamba nakuandikia. Ameniomba ninyamaze, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Nimenyamaza siku nne nikaona siwezi. Mimi ndiye nitakayembandika puleki kwenye kope. Nikizibandika huku najua, mikono yangu itakuwa imekudanganya, nawe utasimama pale mbele ya watu wote bila kujua kwamba kulikuwa na swali ulilopaswa kuulizwa.

Sikuandikii ili umwache. Naandika nikiogopa kwamba utamwacha. Kama ukimwacha, atakuwa amepoteza jicho na wewe, na mimi nitakuwa nimemnyang'anya kimoja. Hilo nalijua, kwa hiyo usinihurumie. Lakini ni dada yangu anayekupenda. Ameniandikia hivyo mwenyewe, tena akiwa na hasira.

Naomba uichome barua hii.

Nefie


Plovdiv, 22 Desemba 1993

Nefie,

Alikuja.

Jumapili nikaambiwa kuna mtu langoni. Nikadhani ni Baba. Alikuwa amesimama na saruji kwenye viatu, amesafiri na basi kutoka Burgas, na hakuwa hata na glavu. Nikageuza uso. Akasema, "Geuka nikuone." Nikamwambia, "Kageuke wewe." Akasema, "Nimegeuka tayari, nimekuja kutoka baharini." Basi nikageuka.

Alilitazama muda mrefu. Akauliza kama linauma. Nikasema haliumi. Akasema, "Mama yangu ana macho mawili na hajawahi kuona jema kwangu." Nikacheka, Nefie, nilicheka kweli. Nikadhani yameisha. Halafu akauliza, "Ulitaka nijue lini?" Nikatazama saruji kwenye viatu vyake. Akaninunulia kahawa, yake hakuinywa, akatazama saa, akaondoka. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Aliniaga kama mtu anavyomuaga karani.

Hakuniambia nani amemwambia, na sikuhitaji kuuliza. Watu wanaojua hili nawahesabu kwa mkono mmoja, na mmoja tu ndiye ninayempenda.

Ulikuwa na jambo moja tu la kufanya. Jambo ambalo umelifanya maisha yako yote bila kuombwa.

Nitakuja Jumatano kama nilivyosema, kwa sababu sijui mahali pengine pa kwenda. Sitaki kuzungumza na wewe. Atanipaka Bibi, hata mkono wake ukitetemeka. Kama kutakuwa na harusi.

Shukrie


Burgas, 28 Desemba 1993

Nefie,

Barua yako nimeichoma, lakini niliisoma mara nyingi kwanza.

Nilikusikia uliposema karibu.

Nimekasirika, sitakuficha. Si kwa ajili ya jicho. Wenzangu wawili hapa wamepoteza vidole na wake zao bado wanawafokea kama kawaida. Nimekasirika kwa sababu alitaka nisimame mbele ya imamu namna ile. Yeye ndiye aliyefumba macho, mimi ndiye kipofu. Nilikwenda Plovdiv nimwambie hivyo, nikamwona, maneno yakaniishia. Nikaondoka. Basi lilipofika nusu ya njia nikajua nilichotaka kusema, lakini dereva hakutaka kugeuza.

Kuandika kwake nimeshindwa. Kila nikianza inakuwa barua ya kuomba kazi. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Desturi ni kwamba bwana harusi anatembea upande wa kulia wa bi harusi. Nataka nitembee kushoto. Huko ndiko haoni, na njia ya kutoka kwenu itakuwa na barafu. Muulize Bibi kama inaruhusiwa. Akisema hairuhusiwi, nitatembea kushoto vilevile, lakini ni vizuri tujue.

Mama nimemwandikia habari ya jicho. Siku kumi hakujibu. Jana ilikuja kadi, haina salamu. Ameandika, "Soksi zimekamilika au hazijakamilika?"

Nitafika tarehe sita.

Yumer


Yelovdol, chumba cha nje, Ijumaa, 7 Januari 1994

Dada Shukrie,

Kuna mlango mmoja tu kati yetu, na tangu Jumatano hujaufungua nikiwa upande huu. Naiweka barua hii chini ya sahani ya supu. Soma kabla haijapoa, au baada, mimi nitangoja.

Siombi msamaha kwa kumwambia. Nimejaribu kuomba nikaona nitakuwa nasema uongo. Nilikufumia, lakini kukufumbia sikuweza. Naomba msamaha kwamba sikukuambia wewe kwanza. Nilijua utanikataza, na nikikatazwa natii. Kwa hiyo nilikukwepa. Huo ni uoga, nao ni wangu.

Jana Mama alipokufungua kitambaa nilikuwa hapa nje. Nilingoja kilio. Alitoka akachukua sufuria safi akaisugua upya hadi Baba akamwambia, "Basi, mama, itatoboka." Halafu akazitoa puleki akaanza kuzipanga. Bibi hawezi, dada. Amejaribu asubuhi hii kwenye mfuniko, puleki tatu zimeanguka chini, ya nne ameibandika kwenye kidole chake. Alilia kidogo akasema ni moshi.

Yumer ameniandikia. Barua yake nimeikunja ndani ya hii. Nilitakiwa kumuuliza Bibi swali lake, nikamuuliza. Akasema hajawahi kusikia kwamba inaruhusiwa, na hajawahi kusikia kwamba haruhusiwi mwanamume kutembea mahali mkewe anapomhitaji, na kwamba yeye amezeeka, husahau nusu ya desturi, huenda amesahau hiyo.

Bi Atidzhe amepita mbele ya kiunzi akapitisha kidole kwenye soksi zote. Kwenye jozi ya thelathini akasimama. Akanitazama mimi, si soksi. "Hizi mkono mwingine," akasema. Nikasema, "Ndiyo, ni zangu." Nilisema kwa sauti, watu walisikia. Akasema, "Unavuta uzi mno," akaendelea mbele.

Mlango sijaufunga.

Nefie


(Nyuma ya karatasi ileile, kwa penseli)

Nefie,

Supu ilikuwa na chumvi nyingi. Ni wewe uliyeipika, najua.

Hasira bado ninayo. Nitakuwa nayo kesho ukinipaka, na keshokutwa pia, kwa hiyo usitarajie nikuzungumzishe. Hata hivyo, bi harusi aliyepakwa haongei.

Njoo saa moja asubuhi. Rangi ipashe moto kwanza. Anza na kope ya kushoto, usiweke gundi nyingi karibu na kona, jicho hutoa machozi lenyewe bila mimi kulia. Mama akae aone yote tangu mwanzo.

Mwambie Yumer kwamba barafu iko kulia pia, pale kwa jirani, kwa hiyo asijifanye shujaa.

Na ile soksi moja, najua hujaifumua. Itoe chini ya godoro uitundike peke yake, mbele kabisa, mahali Bi Atidzhe atakaposimama na kioo. Hiyo ndiyo niliyofuma na jicho hili.

Sh.